Ombi la Kumwandikisha Mke Wangu Kuwa Roboti

Ndugu Mkurugenzi wa Mji,

Pokea salamu zangu za heshima, pamoja na za cherehani yangu, ambayo leo nimeifunika kwa hasira. Mimi ni fundi nguo wa mtaa wa bondeni, ule ambao gari lako halijawahi kuuona. Naandika kuhusu ile roboti uliyoiruhusu ije kujifunza kutembea kwenye barabara yetu.

Wahandisi walitueleza kwa upole kwamba walihangaika kutafuta njia isiyotulia, ili roboti izoee vumbi, tope, mawe na maji. Kwetu wamepata vyote. Watu wa maji wanachimba asubuhi, watu wa umeme wanafukia mchana, mvua inafukua jioni. Walitupigia makofi kabisa. Jirani yangu kinyozi alivaa shati jipya akidhani tumepewa tuzo.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Tuliomba barabara itengenezwe. Ofisi yako ikatujibu kwamba ikitengenezwa itavuruga masomo. Yaani shimo lililo mbele ya duka langu sasa ni darasa, na ole wake atakayelifukia. Nilimwaga kifusi kidogo tu, nikaitwa adui wa elimu.

2. Bwana Mkubwa, ndivyo mtaa unavyoiita hiyo roboti, akivuka dimbwi anashangiliwa na kupigwa picha. Mama mkwe wangu amevuka dimbwi hilohilo miaka nenda miaka rudi, ndoo kichwani, na hakuna aliyewahi kumwambia hata pole. Juzi aliteleza akaanguka. Mhandisi mmoja akamkimbilia, mama akanyoosha mkono akidhani anainuliwa. Kumbe mwenzake amekuja kupima utelezi.

3. Hili ndilo linaloninyima usingizi. Mke wangu ni mjamzito na siku zake zimekaribia. Nilikwenda kumwomba dereva wa gari la wagonjwa awe tayari, akaniambia bila haya kwamba mtaa wetu haupitiki, nimbebe mgonjwa wangu mpaka kwenye lami. Nimbebe vipi, na tope linafika magotini? Lakini Bwana Mkubwa akianguka tu, linakuja gari la magurudumu makubwa kabla tope halijamkauka, mafundi wanashuka na machela, na mmoja kazi yake ni kumshikia mwavuli. Mwavuli, Ndugu Mkurugenzi. Chuma kinashikiwa mwavuli! Nimeumia, na sitaki kulificha hilo.

4. Kwa hiyo chagua moja. Ama uiondoe roboti yako na utupe barabara, ama mke wangu aandikishwe kuwa roboti kabla hajajifungua. Sifa anazo. Anatembea kwa shida, hali yake inabadilika kutwa mara kadhaa, na akigoma hakuna mhandisi wa kumsogeza. Mama mkwe naye aandikishwe, kama toleo la zamani lililo imara. Na ukiona usumbufu kutuchambua mmoja mmoja, andikisha mtaa mzima. Hatutakusumbua. Mtuletee tu mafuta ya viungo na chaja, maana kukosa chakula tumeshazoea.

Nangoja jibu lako kwa adabu zote. Nisalimie nyumbani kwako, nisalimie katibu wako ambaye kila nikija huniambia umetoka sasa hivi, na mlinzi wa getini usimsahau.

Wako mtiifu, ingawa kwa shida,
Fundi nguo wa bondeni

Nyongeza: Tafadhali usiishughulikie barua hii. Kabla sijaileta, mke wangu alishikwa na uchungu, na dereva wa gari la wagonjwa akanipa jibu lake lilelile. Mimi nilichanganyikiwa, nikawa nazunguka ndani natafuta viatu nilivyovaa. Mama mkwe alitoka nje, akamkuta Bwana Mkubwa anapita na masomo yake, akamsukumia shimoni kwa mikono miwili. Kisha akaniita kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mtoe mkeo, gari linakuja."

Likaja. Mafundi waliposhuka na machela, mama akamlaza binti yake kwenye machela hiyo, akawaambia huyo wa chuma atasubiri. Tumepata mtoto wa kike, na wote wawili wazima. Hivyo naomba Bwana Mkubwa abaki, na barabara isiguswe. Mke wa jirani anatarajia kujifungua mwezi ujao.