Poda ya Shemeji Kwenye Manyoya ya Paka Wangu

Jumatatu, 3 Juni

Jalada, paka wangu, amerudi saa kumi na moja jioni akinukia poda. Si mara ya kwanza. Ni mara ya nne, lakini leo nimemnusa vizuri, kichwani, shingoni, nyuma ya masikio, na sina shaka tena. Ni poda ya kinyozi. Na kinyozi mtaani hapa ni mmoja tu, ng'ambo ya barabara, mlango wake unatazamana na wangu: shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, kijana wa miaka thelathini na minane mwenye meno yote.

Niandike ukweli, usije ukapotea. Paka ni wangu. Nilimwokota mimi, mdogo kama kiatu cha mtoto. Kazi yangu ni kujalidi: nafunga upya vitabu vilivyochakaa, madaftari ya shule, mafaili ya ofisini. Vitabu vya zamani vimejaa gundi ya unga, na panya wanaipenda kuliko mimi ninavyoipenda kazi yenyewe. Bila paka sina karakana. Miaka mitatu amelala mezani karibu na kiwiko changu. Sasa anakuja kula, ananigeuzia mgongo, analala akinukia mwanamume mwingine.

Nimeamua. Ataogeshwa. Poda ikitoka, shemeji katoka.

Mke wangu alinikuta nimezika pua kwenye tumbo la paka. Akasema miaka kumi na tisa ya ndoa yeye hajawahi kunuswa kwa makini hivyo. Akaongeza kwamba paka hujiogesha mwenyewe, bila kukumbushwa, na laiti waume nao wangeumbwa hivyo. Mwenye hoja hajibu mizaha.

Jumanne, 4 Juni

Nimevuka barabara kwa kisingizio cha kuazima mkasi. Nina mikasi sita.

Viti vya kunyolea ni viwili. Kimoja kilikuwa na mteja. Kingine kilikuwa na Jalada, kajikunja juu ya taulo safi lililokunjwa mara nne. Wateja watatu wamesimama ukutani, wanasubiri, na kiti kipo! Niliuliza kwa nini hakikaliwi. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani, ambaye daftari lake la mahudhurio liko mezani kwangu, akaninong'oneza kwamba Mwenyekiti amelala.

Mwenyekiti. Wamempa jina. Tena cheo. Nikamwita kwa jina lake halisi. Akafungua jicho moja, akanitazama kama karani anavyomtazama mtu aliyefika dakika moja baada ya dirisha kufungwa, akalifumba.

Shemeji hakucheka. Hilo ndilo baya lake: ana adabu. Alinipa mkasi, akauliza mgongo wangu unaendeleaje, akasema shem, ukitaka nitakuwa namrudisha mwenyewe kila jioni. Eti anirudishie. Mwizi anajitolea kukusindikizia mali yako mpaka mlangoni, na watu wote wanasema kijana ana moyo mzuri.

Jumatano, 5 Juni

Mke wangu amesema nikimtia paka maji bila kumwuliza mtaalamu, nitahamia karakanani na godoro langu. Basi nimekwenda kwa daktari wa mifugo, mama wa makamo mwenye viatu vya mpira na mikono iliyokwisha kuzalisha ng'ombe wengi. Nikamweleza hoja zangu, nikagusia na niliyosoma, maana mjalidi husoma kila kitu kinachopita mezani kwake, japo zaidi kurasa za mwanzo na za mwisho, kwa kuwa ndizo zinazochanika.

Akasema paka mzima haogeshwi. Ulimi wake ndio sabuni, ndio kitana. Huogeshwa tu akipakwa kitu asichoweza kukiondoa kwa kujilamba, tena kwa maji ya vuguvugu, usoni asimwagiwe, na sabuni ya watu asipakwe. Nikauliza, je, poda? Akauliza poda imemfanya nini. Nikasema imemnukisha. Akataka kujua anayeumwa ni paka au ni mwenye paka.

Wamejaa siku hizi, wataalamu wanaojibu swali kwa swali. Lakini kinywa chake kimenifungulia njia bila yeye kujua. Kitu asichoweza kukiondoa kwa kujilamba. Gundi!

Alhamisi, 6 Juni

Nimepika gundi mpya ya unga wa ngano. Ile ya kazi naitia shabu iwe chungu, panya wasiiguse. Siwezi kumpaka paka wangu shabu, sina roho hiyo. Hii nikaipika tupu. Nikampaka Jalada mgongoni kwa brashi, mpako mwembamba, tangu shingoni hadi mkiani, kama ninavyopaka mgongo wa kitabu kikubwa. Alitulia. Alikuwa hajatulia mikononi mwangu hivyo tangu mwezi wa tatu, nikakaribia kuahirisha.

Nikaenda kuchemsha maji. Kesi ilikuwa imekamilika: paka kachafuka, daktari kasema, mke hana rufaa.

Niliporudi alikuwa amejilamba ubavu, mkia na kila alipofika, na sasa alikuwa na kichwa ndani ya sufuria. Gundi isiyo na shabu ni uji. Mke wangu alisimama mlangoni, akauliza ikiwa paka sasa anakunywa uji wa kazini, vitabu navyo vitafungwa kwa chai?

Aliposhiba, Jalada alivuka barabara. Jioni hakurudi.

Ijumaa, 7 Juni

Sufuria niliisahau wazi. Panya wamekuja kula cha bure, wakashushia na daftari la mwalimu mkuu. Darasa la pili lote halipo. Paka akiondoka panya hutawala, wahenga walisema. Hawakusema paka huyo alikuwa kwa shemeji.

Sikungoja tena sheria. Nilivuka, nikamnyanyua kwenye kiti mbele ya wateja, nikarudi naye. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, nami nilivua shati. Beseni, maji ya vuguvugu, sabuni hakuna: daktari nimemtii kwa yote isipokuwa kwa jambo lenyewe.

Sikujua paka ana miguu mingi kiasi kile. Kila nilipoushusha mmoja majini, mwingine ulishika ukingo wa beseni, na mwingine ulinishika mimi. Aliloa mpaka tumboni. Akatoa sauti ambayo sijapata kuisikia kwa kiumbe chochote, labda kwa shemeji, siku ile alipotajiwa mahari ya kuoa. Akapita begani kwangu, akapita dirishani. Nikamfuata mbio.

Alikwenda moja kwa moja kwa nani? Nisiandike. Nilimkuta ameshafungwa ndani ya taulo la moto, lile wanalowekewa wateja usoni, kichwa tu nje, mdogo kuliko siku niliyomwokota. Alikuwa anatetemeka. Aliponiona alirudisha masikio nyuma.

Shemeji alinikalisha. Akanisafisha mikwaruzo kwa spiriti, mmoja baada ya mwingine, huku akisema pole shem, pole, itauma kidogo. Hakuniuliza nilikuwa nafanya nini. Mwalimu mkuu ndiye aliyeniuliza: daftari lake litakuwa tayari lini. Nimewahi kushindwa maishani, lakini sijawahi kushindwa nikiwa tumbo wazi mbele ya mwalimu.

Jumamosi, 8 Juni

Hajarudi. Usiku wa pili.

Karakana iko kimya. Nimeshona kurasa ishirini za daftari, kila mara nikisogeza kiwiko ili nisimwamshe, na hakuna wa kuamshwa.

Mke wangu ameleta chai akakaa. Leo hakutania. Akasema paka hakufuata poda. Anakimbia maswali. Hapa kila akilala ananyanyuliwa, ananuswa, anaulizwa alikuwa wapi. Kwa shemeji haulizwi kitu. Anakuja, analala, anaondoka. Nikamwuliza anasema habari za paka au zake mwenyewe. Akasema nichague. Kisha akaniambia niende nikakae naye tu, mikono mapajani, nisimguse.

Nikaona maneno yake yana busara nusu. Nusu iliyobaki nikaijaza mwenyewe. Kama paka anakaa palipo na poda, poda na ije.

Nimekwenda kunyolewa. Mara ya kwanza tangu shemeji afungue, kwa sababu ambazo ni zangu. Kiti cha kwanza mimi, cha pili Jalada, tunatazamana kwenye kioo kama wagomvi walioitwa ofisini. Shemeji ana mkono mwepesi, lazima nikiri, hata nilisinzia. Mwisho akanipiga poda shingoni. Nikasema ongeza. Akaongeza. Nikasema usibane mkono. Akasema shem, itabaki ya wateja? Nikamwambia mimi nani kama si mteja. Nimetoka pale mweupe kama ukuta uliopakwa chokaa, watoto wakanipisha njia.

Jumapili, 9 Juni

Amekuja! Saa nne asubuhi, peke yake, kwa mlango. Nilikuwa kwenye kiti cha uani, mikono mapajani. Alinizunguka mara mbili. Akaruka. Akajikunja kifuani kwangu, akaingiza pua shingoni, akaanza kukoroma kwa raha.

Saa nzima. Sikujikuna. Mguu ulikufa ganzi, nikauacha ufe. Mke wangu alipita na nguo za kuanika, akatuona, akaenda kuzianika upande mwingine ili kivuli chake kisitusumbue. Kwa saa hiyo moja sikumwonea wivu mtu yeyote duniani.

Kisha nikajiuliza anamkoromea nani.

Maana pua aliiweka wapi? Palipo na poda. Hakuja kwangu huyu. Kamfuata shemeji, ambaye kwa ujinga wangu nimemwalika mpaka shingoni mwangu, nikamwomba asibane mkono. Nimekaa saa nzima nikibembeleza mapenzi ya watu wengine. Nilimweka chini taratibu, nikaenda bafuni, nikajisugua kwa dodoki mara mbili hadi ngozi ikawaka. Nikarudi nikakaa vilevile, mikono mapajani, mimi mwenyewe, bila kuchanganywa na mtu.

Akaja. Akaninusa kidole. Akapiga chafya, akavuka barabara.

Mke wangu aliuliza paka yuko wapi. Nikamwambia kaondoka, na kwamba hatimaye nimeliona kosa langu. Akaweka kapu la nguo chini. Akavuta kiti, akakaa karibu yangu, akanishika mkono, akasema alikuwa analisubiri neno hilo muda mrefu, niseme tu, hatacheka.

Nikamwambia beseni lilikuwa dogo. Kesho naazima pipa.