Amri ya Kunyamaza kwa Ajili ya Yangeyange

Kwa wakazi wote wa kisiwa cha Pate, wenye mbawa na wasio na mbawa: Serikali ilitangaza, mwaka 1911, kwamba kuanzia Jumatatu ndege wa kinamasi cha Chundwa wamo katika amani, na atakayewaondolea amani hiyo atafungwa.

Sababu ilikuwa nzito. Mabibi wa Ulaya walikuwa wakipamba kofia zao kwa manyoya ya yangeyange, ndege weupe wa kinamasi, na yangeyange walikuwa wakiisha duniani. Kwa kuwa mabibi wa Ulaya hawakuweza kuzuiwa kuvaa kofia, iliamuliwa wanawake wa Chundwa wazuiwe kupiga kelele.

Mimi Jeilani, mwenye umri wa miaka kumi na sita, mitatu kati yake katika bweni la Mombasa, niliteuliwa Karani wa Amani ya Ndege. Mkubwa wangu, Bwana Mhifadhi, Mzungu mwembamba aliyeletwa mjini Faza, kisiwani humo, kwa kazi hiyo, aliandika amri ya mistari miwili. Niliiona fupi, haina heshima. Nikaongeza ibara kwa hati ya kupendeza: "Popote yangeyange watakapojenga viota, mtu yeyote, wa cheo chochote, asikaribie hatua mia mbili, wala asitoe sauti." Bwana Mhifadhi aliisifu, ikapelekwa Mombasa, ikapigwa muhuri. Siku ile nilizunguka Faza nzima na kalamu mkononi, nisije nikadhaniwa mtu wa kawaida.

Kisha nikaenda Chundwa kupima hatua kutoka viotani. Ya mia na kumi iliangukia katikati ya mpunga wa Bi Mwanamkisi, mjane anayelisha wajukuu wawili kwa konde hilo moja. Mpunga ulikuwa umeingia maziwa, wakati ambao kwelea, vindege walao nafaka, hushuka kwa maelfu. Yeye alikuwa juu ya dungu, jukwaa la miti la kuamia, yaani kulinda mpunga na ndege, akitikisa debe la mawe na kupiga ukelele.

"Bi Mwanamkisi, shuka. Unawasumbua yangeyange."

"Yangeyange hawali mpunga, Jeilani. Chakula chao vyura. Mimi nafukuza kwelea."

"Amri haikubagua ndege."

"Basi ibague."

"Imeshapigwa muhuri."

"Na wajukuu wangu watakula muhuri?"

Nilimshauri aandike ombi.

"Siyui kuandika. Niandikie wewe."

Nilimweleza kwa upole kwamba anayepokea maombi ni mimi, na haifai karani kujiandikia mwenyewe.

Akashuka na debe lake. "Mwanangu, walokusomesha wana dhambi," alisema, akaenda zake.

Kwelea walikula kwa utulivu ambao nchi yoyote iliyostaarabika ingejivunia. Nikaripoti: "Kelele, hakuna. Afya ya ndege, nzuri mno."

Jambo ambalo bweni halikunifundisha ni kwamba maji ya kinamasi kile yalizuiwa na tuta la udongo, na kaa hulitoboa kila siku. Aliyekuwa akiziba matundu kila asubuhi, kabla ya kupanda dungu, ni Bi Mwanamkisi. Siku ya tano maji yalikuwa yakikimbilia baharini. Siku ya nane vyura waliisha. Siku ya kumi yangeyange wote waliondoka. Nikaripoti: "Wako safarini kikazi."

Walikuja Faza. Bwana Mhifadhi alikuwa amechimbiwa bwawa la bata chini ya mikwaju miwili, ubavuni mwa nyumba yake, na yangeyange wakaanza kujenga juu ya mikwaju hiyo. Alitoka na fimbo, akafungua kinywa apige kelele. Nikakohoa.

"Bwana, ibara ya pili."

"Hii nyumba yangu!"

"Popote, Bwana. Wa cheo chochote. Na nyumba iko hatua kumi na nne."

Kuifuta amri kulihitaji idhini ya Mombasa, na jibu huchukua miezi mitatu. Bwana Mhifadhi alihamia ghala la papa mkavu. Nami nilihamia naye, maana ofisi yangu ilikuwa hatua tisa.

Baada ya siku nne za harufu ile, tulikwenda Chundwa. Bi Mwanamkisi alikuwa amesimama pembeni mwa konde, akitazama nusu ya mpunga iliyosalia. Nilimfasiria swali la Bwana: ndege watarudi vipi?

"Kwa mai. Na mai yataka tuta, na tuta lataka mtu. Sizibi tuta la konde nisiloweza kuamia. Na aandike, karatasi nishike mkononi."

Kufuta amri Bwana Mhifadhi hakuweza, lakini kuifafanua aliweza. Akaandika, mgongo wangu ukiwa meza: "Kelele za Bi Mwanamkisi na za atakaowaweka, za aina yoyote, ni sehemu ya makazi ya yangeyange, na zinalindwa na Serikali."

Bi Mwanamkisi aliikunja karatasi, akaitia kifuani.

"Ahsanta. Sasa mimi naingia matopeni, na wajukuu wanabeba udongo. Nani ataamia?"

Alitutazama mimi na Bwana. Tukapanda dungu.

Kwelea walishuka kama mvua. Bwana Mhifadhi alitikisa debe kama mtu anayemwita mtumishi mezani, akasema, "Ondokeni, tafadhali." Hakuna aliyeinua kichwa. Nilijaribu mimi, sauti ikanikatika. Kwelea mmoja akatua kwenye debe.

"Bwana!" aliita Bi Mwanamkisi, matope hadi magotini. "Hao si wageni wa kahawa! Piga ukelele! Jeilani, mfasirie!"

Nikamfasiria. Serikali ikavuta pumzi, ikapanua kinywa, ikapiga ukelele mpaka adhuhuri.