Mashua Iliyokamilika Kwenye Karatasi

Jumatatu, 3 Machi 1986
Mwalimu Wabwire wa fizikia amekuja hapa Kaloleni kuchukua kiti chake. Kasema wataalamu wa Ulaya sasa wanadai ulimwengu una vipimo kumi, si urefu, upana, kimo na wakati tu. Nikauliza nani ameviona. Hakuna. Hesabu tu ndiyo imekubali. Alisimulia akicheka. Mimi sikucheka. Miaka ishirini useremala, nilijifundisha mwenyewe, na bado naitwa fundi wa kukisia. Kumbe wakubwa wa dunia hawatoki hata nje. Mashua ya shemeji Oduor nitaimaliza kwenye karatasi.

Alhamisi, 6 Machi
Mashua tayari. Nyembamba kuliko zote za ufuo wa Dunga, kwa hiyo nyepesi, kwa hiyo ina kasi. Wavuvi wanne, kilo 68 kila mmoja. Wavu 40. Samaki 150. Jumla 462. Inabeba 700. Nimerudia mara tatu.

Mzee Amolo wa ufuoni kasema mashua mpya hujazwa mchanga uliolowa, ikatikiswa majini siku nzima, ndipo mtu apande. Nikamwambia mchanga haujui hesabu. Akauliza, "Na ziwa je, Fundi, limesoma?" Wanawake wauza dagaa wa omena walicheka mpaka wakatua beseni. Mwalimu naye kajiunga: eti hesabu husema kinachowezekana, ziwa ndilo husema kilichopo. Wivu wa msomi.

Mke wangu Dorca kaniomba nikubali huo mchanga, maana kaka yake hajui kuogelea. Nikamwonyesha karatasi.

Jumamosi, 8 Machi
Ilielea. Mstari wa maji palepale nilipouchora. Hilo lisisahaulike. Kisha wavu ukawa mzito, wote wanne wakasimama upande mmoja kuuvuta. Mimi niliwahesabu wameketi. Watatu waliokolewa wakiwa wameng'ang'ania mashua iliyopinduka. Oduor hajaonekana.

Jumapili, 9 Machi
Dorca yuko ufuoni tangu alfajiri. Nilimpelekea uji na maelezo: hesabu haikukosea, waliokosea ni waliosimama. Uji kaumwaga mchangani.

Jumatatu, 10 Machi
Wamempata Oduor kwenye mafunjo. Wakwe wamesema jeneza nilitengeneze mimi, kwa mikono hiyohiyo. Mzee Amolo kanipa futi kamba, akaniambia niende mochari nikampime, maana siku mbili majini humvimbisha mtu. Dorca amesema neno moja tu tangu Jumamosi: "Mpime."

Jumanne, 11 Machi
Sikwenda. Ya nini? Oduor namjua: futi tano inchi kumi, mabega inchi kumi na nane. Maji hayabadilishi tarakimu. Nimeongeza nusu inchi kila upande kwa ajili ya wenye wasiwasi. Mfuniko umekaa sawasawa, vanishi imekauka. Kesho saa mbili asubuhi tunakwenda kumchukua, ukoo mzima. Wataona wenyewe.