Kidole Gumba Changu Kimeniaibisha Kakuma

Leo nimeaibika. Si aibu ya kuteleza sokoni ukainuka haraka kabla hujaonekana. Hapana. Nimeaibika mbele ya ukumbi mzima, watu wakiwa wamekaa, wametulia, wananitazama mimi peke yangu. Na aliyeniponza ni kidole gumba changu cha kushoto.

Mambo kama haya huwa naandika kwa daftari langu tu. (Mnanijua. Darasani nikiulizwa jina langu natafuta mtu wa kunijibia.) Lakini Ekai wa klabuni amerekodi kila kitu na simu yake na video inazunguka tangu saa nane. Afadhali muisikie kwangu kabla hamjaiona kwake.

Tuanze asubuhi. Klabu yetu ya jujitsu ya kila Jumamosi hapa Lodwar ilialikwa Kakuma kucheza mechi za kirafiki na wasichana wa huko. Pikapu ilikuwa inangoja nje, nimeshakunja gi yangu nyeupe, ile nguo ya mchezo, na Mama akasimama mlangoni na mwiko mkononi. Mama haupendi huu mchezo. Mwezi uliopita nilirudi na sikio limechubuka, akaninunia siku mbili.

"Nakiru."

"Mama."

"Leo ndiyo mara ya mwisho najaribu kuvumilia. Ukirudi na jeraha, au ukimpa mtoto wa mtu jeraha, hiyo nguo nyeupe naikata matambara ya kupangusia meza. Tumeelewana?"

"Ndiyo, Mama."

"Sijasikia."

"NDIYO, MAMA."

(Hiyo ndiyo sauti yangu kubwa. Nyanya alidhani nimeng'atwa na nge.)

Kwa hivyo nilipopanda pikapu nilikuwa na kazi mbili: nisiumie, nisiumize. Na ya tatu, ya Kochi Ebei, nifunge kufuli ya mkono.

Nieleze kidogo kwa wale hawachezi. Kufuli hii inaanzia ukiwa umemlaza mwenzako chali na wewe umemlalia kifuani, miili imekatana kama msalaba. Unautafuta mkono wake ule wa mbali, unaukumbatia, unarusha mguu juu ya kichwa chake, unakaa karibu na bega, unabana magoti, halafu unaegemea nyuma polepole. Kiwiko kikianza kunyooka kupita kiasi, mwenzako anakupiga makofi mawili, maana yake yatosha. Unaachilia. Hakuna mtu ameumia. Kwa mdomo ni rahisi hivyo.

Shida yangu ilikuwa mazoezi. Kochi alisema tufanye nyumbani kila siku, tutafute mtu wa kumlalia. Mimi nimwambie nani, "samahani, naomba nikulalie kifuani"? Sikuweza. Wiki tatu sikuweza.

Sasa hapa ndipo nakiri jambo ambalo Kochi mwenyewe hakulijua. Nilifanya mazoezi na mbuzi.

Msicheke bado! Nyanya ana mbuzi kumi na mmoja, na kila dawa ya minyoo ikiletwa, anayewashika ni mimi. Mbuzi mkaidi namlaza ubavu, namlalia kifuani, naweka uzito wote. Nikaona, kumbe ni kile kile cha Kochi! Basi Alhamisi nikawalaza wote kumi na mmoja, mmoja baada ya mwingine, nahesabu pumzi, nahamisha kiuno, vizuri kabisa. Kochi aliponijaribu Ijumaa akaguna chini yangu, "Wee msichana, uzito huu umetoa wapi?" Nikajifanya natafuta mkono wake.

Ila mbuzi ukishamlaza, kazi haiishi hapo. Unamwinua kidevu asipaliwe. Unaingiza kidole gumba pembeni mwa mdomo, pale nyuma kidogo ambapo mbuzi hana meno. Mdomo unafunguka wenyewe. Nyanya anamimina dawa na chupa ya soda. Wewe unampapasa koo kushuka chini, unamwambia maneno mazuri, na anameza. Nimefanya hivyo tangu niko darasa la pili. Mikono yangu hainiulizi tena.

Kakuma tulifika jua limeshawaka. Ukumbi ni wa mabati, mikeka ya mpira imepangwa chini, watu wamejaa hadi madirishani. Nilipangiwa Furaha. Furaha ni Mkongo, amezaliwa hapo hapo kwenye kambi ya wakimbizi, ananipita kichwa kizima, na anacheka na kila mtu. Alinisalimia Kiturkana, "Ejok!", kwa bidii sana. Nilijibu kwa nyusi.

Mwamuzi, jamaa mrefu wa Sudan Kusini, akatuita katikati. "Chezeni safi. Hakuna kucha, hakuna nywele, hakuna vidole usoni." Nikaitikia kwa kichwa. (Mungu ni shahidi, niliitikia.)

Tukashikana. Furaha akanivuta, nikaenda. Akanisukuma, nikaenda. Halafu akajikwaa kwa mguu wake mwenyewe, tukaanguka wote, na nilipofungua macho nilikuwa juu. Kifuani. Msalaba kamili! Nikashusha uzito.

"Eeeh!" ukumbi ukasema.

"Tulia hapo, Nakiru!" Kochi Ebei alikuwa amepiga magoti ukingoni. "Mkono wa mbali! Tafuta mkono!"

Mkono wa mbali. Ndiyo. Niliujua. Lakini jasho limeingia machoni, watu wanapiga kelele, na Furaha akageuza kichwa upande wangu akafungua mdomo kutafuta hewa.

Jamani. Mikono yangu iliona mdomo.

Wa kulia ukainua kidevu. Wa kushoto, kidole gumba, ukaingia pembeni mwa mdomo wa binti wa watu, nyuma kidogo, kwa ustadi. Halafu wa kulia ukaanza kumpapasa koo. Kushuka chini. Polepole. Na mimi, mtu ambaye siongei, nikamwambia kwa sauti ya upole ambayo ukumbi wote uliisikia:

"Meza, mama. Meza."

Mabati yalisikika yakilia kwa joto.

Sasa, binadamu pale pembeni ana meno. Tena Furaha anayo yote.

"AAAAI!" Huyo ni mimi.

"Yesu wangu!" Huyo ni Furaha, amenisukuma amekaa kitako. "Ananitia kidole mu kinywa! Halafu ananiambia nimeze! Nimeze nini, mama wee?"

Mwamuzi alisimama kati yetu ameshika kiuno. Nadhani alikuwa anatafuta ishara ya kosa hilo na haikuwepo. "Hii ni nini?" akauliza. "Wewe. Hii ilikuwa nini?"

Kochi Ebei naye, mikono kichwani: "Nakiru! Unamfanya nini mtoto wa watu?"

Kulikuwa na majibu mengi ya kusema. Ningesema mkono umeteleza. Ningezimia. Lakini mimi nikiogopa sana ukweli unatoka mbio kabla sijaufungia mlango.

"Nilidhani ni mbuzi."

Ukumbi ulikufa kwa kicheko. Mama mmoja dirishani alishuka, nikasikia akicheka kutoka chini. Simu ya Ekai ilikuwa inatetemeka na bado hakuacha kurekodi, msaliti. Mimi nilikuwa nimeshika kidole, alama mbili za meno zimekaa vizuri, tone moja la damu, na niliona gi yangu ikikatwa matambara, kipande kwa kipande.

"Mbuzi?" Furaha alinitazama. "Mie?"

"Si wewe. Wa nyanya. Alhamisi tulikuwa tunawapa dawa ya minyoo." Sikuwa nimewahi kusema sentensi ndefu hivyo mbele ya watu. "Pole. Nisamehe sana. Umeumia?"

Furaha akajishika mdomo, akapima meno na ulimi, akafikiri. Halafu mabega yakaanza kucheza. Akacheka hadi akalala tena chali.

Mwamuzi akasema hilo ni kosa, mechi imeisha, Furaha ameshinda. Lakini Furaha akainua mkono kutoka pale chini. "Hapana, muamuzi, acha tumalize. Alikuwa ananishika muzuri. Sema tu dawa sitaki."

Mwamuzi akamtazama Kochi, Kochi akamtazama mwamuzi. Wakakubaliana: ushindi ni wa Furaha na umeshaandikwa, lakini turudi pale pale tumalizie, iwe ni zoezi.

Nikarudi kifuani. Nikaogopa hata kupumua. Na Furaha, bado anacheka, akafanya kitu ambacho mtu mwenye akili angefanya akiwa chini yangu: akafunika mdomo na mikono yote miwili.

Yote miwili! Kiwiko cha mbali kikainuka chenyewe, kikanikaribia kama mtu aliyetumwa. Nikakikumbatia. Nikarusha mguu juu ya kichwa, nikakaa karibu na bega, nikabana magoti. Nikaegemea nyuma polepole, polepole sana, kama mtu anayelaza mtoto, maana nilikuwa namwona Mama na mwiko. Pa, pa! Makofi mawili pajani. Nikaachilia kama nimeshika sufuria ya moto.

"Safi!" Kochi Ebei alipiga kelele. "Hiyo ndiyo yenyewe! Hiyo!"

Kwa hivyo leo nimeshindwa, na nimefunga kufuli, na nimeng'atwa, yote kwa mechi moja. Furaha aliniosha kidole na maji ya chupa yake, akanifunga kitambaa. "Uje tena," akaniambia. "Lakini nitakula mbele yako kwanza, uone meno yangu yako wapi." Nikacheka. Kwa sauti. Hata mimi nilishtuka.

Njia yote hadi Lodwar nilikaa na mkono mfukoni. Kilomita zote hizo napanga uongo: mlango wa pikapu, kopo, mwiba. Nikaingia nyumbani jua bado halijazama. Mama amekaa nje na simu. Nyanya yuko kando yake, shingo ameinyoosha. Kutoka kwa simu nikasikia sauti yangu mwenyewe:

"Meza, mama. Meza."

Ekai, Mungu anakuona.

"Toa mkono," Mama akasema. Nikautoa. Akafungua kitambaa, akakitazama kidole juu na chini. Nyanya akaomba video irudiwe, akaitazama mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa huzuni: kidevu nilikiinua kidogo mno, angekuwa mbuzi wake angepaliwa.

"Yule msichana ameumia?" Mama akauliza.

"Hapana."

"Mkono wake?"

"Mzima. Alicheka. Ndiye amenifunga kitambaa."

Mama akakifunga kitambaa tena. Nilihesabu pumzi zangu, sita. Uso wake ulikuwa mgumu kabisa.

"Umetia kidole kinywani mwa mtoto wa wenyewe," akasema. "Ulikuwa umenawa?"

"Mama?"

"Nauliza, mikono. Ulinawa?"

"Sikunawa."

"Kutoka Lodwar mpaka Kakuma nyuma ya pikapu, mavumbi yote yale, halafu unaingiza kidole kwa mdomo wa mgeni wako! Nimekulea hivyo?" Akanirudishia mkono wangu. "Jumamosi ijayo utanawa na sabuni. Na kucha ukate."

Nikaenda ndani nimeinamisha kichwa kama mtu aliyegombezwa. Nilikuwa nimefika kitandani ndipo nikaisikia vizuri. Jumamosi ijayo. Amesema Jumamosi IJAYO! Nikaizika sura ndani ya mto nikapiga kelele, na nje nikamsikia Mama naye, aliyedhani siko karibu, akicheka mpaka anakohoa.

Haya, chekeni na nyinyi. Lakini mmalize leo leo, maana kesho nina kwaya, na nyinyi wa sauti ya kwanza mnajijua kwa kucheka.