Nilivyomgeuza Fundi wa Pampu Kuwa Mchungaji

Leo nimejivunjia heshima mwenyewe, na sina wa kumlaumu.

Asubuhi tulitoka Mpanda kwa pikipiki kwenda kijiji kimoja huko milimani Mwese. Mimi mkalimani, mgeni wangu fundi wa pampu za visima kutoka Uingereza, Bwana Shepherd. Watu walikuwa wametukusanyikia kisimani. Mimi na Kiingereza changu (mnanijua) nikaona niwape elimu kidogo. Nikaeleza kwamba zamani Waingereza waliitana kwa kazi zao. Mfua vyuma aliitwa Smith, msaga nafaka akaitwa Miller. Kazi ikaisha, jina likabaki kwa wajukuu.

"Na huyu wetu," nikamalizia, "ni Mchungaji."

Makofi. Nikajua wameipenda historia.

Mgeni alipomaliza kutengeneza pampu na maji yakatoka, mama mmoja, Mama Daniel, akaomba tumfuate nyumbani. Nilidhani tunaenda kula. Akatufikisha kwenye kaburi nyuma ya nyumba, udongo bado mbichi. Akaeleza kwamba mumewe alifariki wakati wa mvua, barabara imekatika, mchungaji wao akashindwa kufika. Alizikwa bila ibada.

"Mungu ametuletea wewe, Baba Mchungaji," akamwambia mgeni. Majirani wakavua kofia.

Nikamnong'oneza mgeni kosa langu. Akatazama kaburi, akatazama mikono yake yenye grisi, akasema hajui kuomba na hawezi kumdanganya mjane. Niseme ukweli.

Nikasema. Mababu zake ndio walichunga, tena kondoo wa kweli, wenye manyoya. Mama Daniel akanitazama bila hasira.

"Kwani wewe hujui kuomba?"

(Kanisani mara ya mwisho ni Krismasi, tena nilikaa nje.) Nikafumba macho, nikaanza. Maneno yakaja vizuri, hata nikajishangaa. Nikamshukuru Mungu kwa maisha ya marehemu, nikaomba ampumzishe kwa amani mtumishi wake Daniel.

Kijana aliyesimama kando yangu akanigusa bega.

"Kaka, Daniel ni mimi. Baba aliitwa Yohana."

Mama Daniel ndiye aliyeanza kucheka, akajifunika khanga usoni, akacheka mpaka akalia. Tukamsubiri. Kisha akaniomba nirudie, nikarudia, kwa jina la Yohana. Mgeni alipiga magoti nasi mpaka amina.

Wiki ijayo napokea mgeni mwingine, anaitwa Bishop. Nyie msicheke. Huyo simtafsiri.