Tableti Ndogo ya Nusu Bei

Jumatatu, 3 Machi

Nimeduwaa. Nimefungua duka asubuhi, nikainua macho, na ng'ambo ya korido dirisha la shemeji yangu limejaa tableti ndogo. Zimepangwa wima kama watoto wa shule mstarini. Mimi dirishani nina kava za simu ambazo hakuna anayezitumia tena, na chaja moja inayofanya kazi ukiikunja waya.

Huyu ni mdogo wake mke wangu. Namwita Risiti, kwa sababu hata ukiazima bisibisi anakuandikia risiti. Kazi kajifunza kwangu. Leo wateja wanasimama mlangoni pangu kuniuliza kwake ni wapi. Mmoja kaniomba nimshikie mwavuli wakati yeye anaingia kule.

Mke wangu anashona kwenye kona ya duka langu, cherehani yake karibu na mlango. Kusema kweli (na humu hasomi mtu), wateja wake ndio wanaonunua kava zangu, wakingoja kupimwa. Leo kalalamika tena kwamba tableti yake imejaa na haipokei picha za mitindo. Ili apate nafasi kafuta picha za harusi yetu! Nimemuuliza hata moja hakubakiza. Kasema kabakiza ile niliyofumba macho, imetoka vizuri.

Hapo ndipo wazo lilipokuja. Kila mtu anajua kampuni itatoa tableti ndogo mpya karibuni. Bei hakuna aijuaye. Memori hakuna aijuaye. Basi nimekwenda kunyoa, ingawa nilinyoa Ijumaa, nikamwambia kinyozi kwa siri kubwa kwamba mpya itauzwa nusu ya bei ya hizi za sasa, na ya chini kabisa itaanzia GB 128 badala ya 64. Nikamwapisha asimwambie mtu. Kaapa. Benchi lake lilikuwa limejaa watu.

Risiti hatauza hata moja. Ataniuzia mimi kwa bei ya majuto.

Jumanne, 4 Machi

Siri imefika koridoni kabla yangu. Mwalimu mmoja alikuwa keshatoa pochi kwa Risiti, mwenzake akamnong'oneza, pochi ikarudi mfukoni. Nimeona kwa macho yangu. Mchana wakaja wengine, wakashika, wakageuza, wakauliza kama ni kweli kuhusu GB 128, wakaondoka.

Risiti kavuka korido kuniuliza kama nimesikia habari hizi. Nikamwambia nasikia sikia tu. Nikamshika bega. Nikamwambia biashara ndivyo ilivyo, leo kwako kesho kwa mwenzio. Kanishukuru! Nusura nimuonee huruma.

Mke wangu kaniuliza kwa nini natabasamu peke yangu. Nikasema nimemkumbuka mama yake. Hakuamini.

Jumatano, 5 Machi

Mambo yameiva. Nimemwambia Risiti kwamba damu nzito kuliko maji, siwezi kumwona akizama, nitamwondolea tableti tano kwa bei ya chini kuliko aliyonunulia. Kasema, chukua shemeji, labda wewe una bahati. Akaandika risiti.

Sasa dirisha langu ndilo linalong'aa. Akiba yote ya duka imeingia humo, lakini mtaka cha uvunguni sharti ainame. Mke wangu kauliza nimepata wapi pesa ya mchezo huu. Nikamwambia asubiri aone. Kasema ndicho anachokiogopa.

Alhamisi, 6 Machi

Sijapata kushtuka hivi. Mteja wa kwanza kaingia, kashika tableti yangu, kaipenda, halafu kairudisha. Atasubiri mpya. Nikamuuliza mpya gani. Akasema ile ya nusu bei. Nikamwambia hayo ni maneno ya mtaani, asiyasikilize. Akanicheka. Akasema kila mtu anajua, na kwamba sisi wenye maduka tunaficha ukweli ili tumalize mizigo. Mimi, kuficha ukweli!

Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu kanishauri nizivalishe zile kava zangu za zamani, huenda zikafanana na vitu vya makumbusho.

Kisha kapiga simu mama mkwe, kutoka huko kwake mbali. Kwanza salamu, afya, magoti. Halafu akasema, mwanangu, usinunue tableti yoyote sasa hivi. Kuna mama wanayekutana naye kliniki ambaye mwanawe anafanya kazi ya kupokea mizigo, na huyo kasema mpya itauzwa robo ya bei. Robo! Itaanzia GB 256. Na ya rangi ya zambarau itakuwapo.

Nikakaa chini. Mimi nilisema nusu, sikusema robo. Nilisema 128. Na zambarau sikuitaja kabisa, sijui hata kama ningeifikiria. Kwa hiyo hii si habari yangu. Hii ni habari nyingine, yenye watu wake, yenye kliniki yake. Nimedanganya, kumbe ukweli ulikuwa mbaya kuliko uongo wangu.

Na mimi ndiye mwenye tableti tano.

Ijumaa, 7 Machi

Nimewahi. Risiti alikuwa bado hajasikia habari ya robo, au kama alisikia hakuonyesha. Nikamwambia nimefikiri, si vizuri mtu kumnyang'anya shemeji yake riziki, namrudishia zake tano. Akataja bei. Bei ya kuchekesha. Nikakubali kabla hajamaliza sentensi. Nikamuuliza, kwa kumjali tu, haogopi hiyo mpya? Kasema yeye anauza kilichopo, hauzi kinachosemwa. Maskini. Hatafika mbali.

Kisha nikawaza: na ya mke wangu? Wiki ijayo haitafikia hata bei ya betri. Nikiiuza leo, mpya ikija namnunulia ya GB 256, ya zambarau, na chenji inabaki. Picha za mitindo mpaka achoke. Atalia kwa furaha. Alikuwa ametoka kununua vitambaa. Nikaichukua mezani, nikaivua mfuko alioishonea, nikafuta kila kitu kama inavyotakiwa kabla ya kuuza, nikavuka nayo korido.

Risiti kaishika, kaigeuza. Kona moja ina mikwaruzo ya pini. Kaniuliza, shemeji, hii unauza kweli? Nikamwambia kweli. Kaniuliza tena. Nikamwambia aandike risiti.

Nimelala mchana kidogo kwa uchovu wa akili.

Jumamosi, 8 Machi

Mke wangu kauliza tableti yake iko wapi. Nimemjibu bila kupepesa: iko kwa fundi, inaongezwa memori, nilitaka iwe jambo la kumfurahisha. Kanitazama usoni. Kauliza fundi gani. Nikasema fundi mmoja, hamjui. Kasema sawa. Akaongeza, kwa sauti laini kabisa, kwamba ni vile tu vipimo vyote vya harusi ya Jumamosi ijayo vimo humo, bibi harusi na wapambe wake sita.

Nikamuuliza kwa nini hakuandika kwenye daftari. Kasema alikuwa na daftari, mimi ndiye niliyemcheka, nikamwambia mwanamke wa leo haandiki kiuno cha mtu kwa penseli.

Ni kweli nilisema. Tena mbele za watu.

Nikakimbia kwa Risiti kuomba niinunue tena. Haipo dirishani. Kasema imeshapata mwenyewe. Mwenyewe nani? Kasema mtu anayeihitaji. Nimerudi dukani. Wale wa harusi ni wateja wakubwa wa mke wangu kuliko wote. Akiharibu nguo hizi, jina lake limekwisha, na mimi ndiye nitakuwa nimelimaliza. Sijala.

Nimelazimika kufikiri. Vipimo viko kwenye tableti, lakini miili iko nyumbani kwao.

Jumapili, 9 Machi

Nimekwenda nyumbani kwa bibi harusi na futi ya kupimia shingoni. Nimepokewa na shangazi yake, mwanamke mwenye mabega. Nikamweleza kwamba duka letu lina utaratibu mpya wa kuhakiki vipimo, bure. Kauliza kwa nini fundi hakuja mwenyewe. Nikasema ana mafua. Kasema jana jioni wamezungumza naye kwenye simu na hakuwa na mafua.

Nikamwambia basi sina haja ya kumgusa mtu, wajipange tu barazani, mimi napima kwa jicho. Nimeuza kava miaka mingi, jicho langu linajua upana wa kitu. Wakajipanga kwa kucheka. Nikataja kiuno cha bibi harusi. Kicheko kikakoma. Shangazi kauliza kama hicho ni kiuno au ni pipa la maji.

Akampigia mke wangu, sauti ikiwa juu barazani kote. Akamwambia, mumeo yuko hapa anatukadiria. Kisha mke wangu akasema wasisumbuke, vipimo anavyo vyote, na mimi wanipe maji ya kunywa nirudi nyumbani.

Anavyo vyote! Nimeshangaa njia nzima. Viuno saba, mabega saba, mikono kumi na minne, vyote kichwani. Nimeishi na mwanamke huyu miaka yote hii bila kujua ana kichwa cha namna hiyo. Basi hakuna kilichoharibika. Nimelala fofofo.

Jumatatu, 10 Machi

Kampuni imetangaza. Nimesoma mara ya kwanza nikadhani macho yangu yana kasoro. Nimemwomba mtu mwingine anisomee.

Tableti ndogo mpya ni ghali kuliko ya sasa. Memori inaanzia GB 64 ile ile. Ukitaka 128 unaongeza pesa, ukitaka 256 unaongeza nyingine ambayo mimi kwa pesa hiyo ningenunua mbuzi. Na zitafika huku baada ya miezi. Zambarau hakuna. Kuna kijivu, na kijivu nyingine.

Kabla sijameza mate, korido imejaa. Wote waliokuwa wanasubiri nusu bei wamerudi kwa Risiti, yule mwalimu akiwa mbele, wakigombania zile za zamani. Kapandisha bei kidogo tu, hata tamaa hana. Tano zilizokuwa zangu nimeziona zikitoka moja moja. Moja ilibebwa na yule mteja wa makumbusho. Kanipungia mkono.

Nikavuka kumwambia mke wangu, aliyekuwa kule kwa mdogo wake. Nikamkuta ameinama juu ya kaunta, anasoma vipimo. Kwenye tableti. Yenye mikwaruzo ya pini kwenye kona.

Risiti alimpelekea siku ile ile ya Ijumaa. Vipimo vilikuwa vimehifadhiwa mtandaoni, yeye ndiye aliyempangia dada yake hivyo zamani. Kwa hiyo Jumamosi, aliponiuliza iko wapi, ilikuwa kwenye mkoba wake. Nikamwambia, mke wangu, ulikuwa unanitega! Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Kasema, ungeniomba uiuze, huenda ningekupa, mbona nimekupa mengi. Lakini ulinitazama usoni ukaniambia iko kwa fundi, na ulisema vizuri kiasi kwamba kama nisingekuwa nayo mkobani ningekuamini. Sasa nakaa nawaza ni mara ngapi sikuwa nayo mkobani.

Mchana kahamisha cherehani ng'ambo ya korido, karibu na mlango wa Risiti. Ilikuwa nzito. Nilishika upande mmoja, kwa kuwa sikujua nifanye nini kingine. Nimeumia sana leo. Wala si kwa ajili ya zile tano.

Jumanne, 11 Machi

Hakuna mteja. Wanawake wanaokuja kupimwa wanapita moja kwa moja. Duka bila ile cherehani lina mwangwi, ukikohoa linakujibu.

Nyumbani kanipa chakula, kanijibu salamu, basi. Nimemuuliza kwa unyenyekevu atarudi lini dukani. Kasema akiona nimebadilika.

Nimekubali. Ana haki. Nimekesha nikitafakari. Lakini ataonaje, akiwa ng'ambo ya korido na kichwa kimeinama kwenye kazi? Mtu hawezi kuona jambo ambalo hajapata kulisikia. Lazima kwanza asikie.

Nimekwenda kwa kinyozi. Hana cha kunyoa tena, kapaka mafuta tu. Nimemwambia kwa siri kubwa kwamba nasikia yule bwana wa kava, yaani mimi, kabadilika sana. Nikamwapisha. Kisha nimempigia mama mkwe, nikamwambia habari hizo zinazagaa huku na mimi mwenyewe zimenishangaza.

Jumatano, 12 Machi

Siamini! Muuza vocha wa pale mlango mkubwa, mtu ambaye sijazungumza naye mwezi mzima, kanisimamisha kunipa mkono. Kasema amesikia nimebadilika. Kasema amesikia nimeacha uongo kabisa, naamka alfajiri kumfulia mke wangu nguo, na juzi nimemrudishia mteja chenji aliyoisahau.

Chenji sikuitaja kwa mtu yeyote. Kufua ndiyo kabisa. Kwa hiyo haya hayakutoka kwangu. Watu wameona wenyewe.

Nimeduwaa kwa furaha. Sikujua kwamba mtu anaweza kubadilika upesi hivi, tena bila kuumia mahali. Mke wangu lazima atasikia kabla ya jioni. Nimefagia kona yake, nikapangusa meza, nikasogeza kiti changu kando kidogo ili cherehani ikirudi ipate nafasi.