Lori Laini Kuliko Godoro

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Nina miaka sabini na nne. Nimewazika matajiri watatu walioniajiri udereva, daktari mmoja aliyenikataza chumvi, na injini nne. Macho yangu yanaona mbali sana. Karibu ndiko yanakosumbua kidogo, ndiyo maana naandika herufi kubwa.

Leo nimeamua. Binti yetu wa mwisho yuko karibu kujifungua. Anakaa mwendo wa siku tatu kutoka hapa, na sehemu kubwa ya njia haijui lami. Mama yake nitampeleka mimi, kwa lori langu. Miaka thelathini na tisa nimeendesha malori, na mke wangu hajawahi kukaa kando yangu kupita kona ya soko. Safari hii atakaa. Mpaka mwisho!

Nimemwambia wakati wa chai. Akauliza kama naukumbuka mgongo wake. Nikasema naukumbuka. Akasema basi, baba watoto, siku lori lako litakapoacha kumpepeta mtu kama mchele, atapanda. Lisipoacha, atakwenda na basi la kaka yake.

Kaka yake ni dereva wa basi la njia hiyohiyo. Tunamwita Kiyoyozi, kwa sababu basi lake lina hewa baridi na hachoki kulitaja.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Kwa fundi springi. Anaitwa Nyundo. Ana mvi mpaka kidevuni, lakini mimi namwita kijana.

Akaingia chini ya lori na tochi. Akatoka akinitazama kwa huruma. Akasema mzee wangu, springi hizi ni za kubebea saruji. Kila upande una majani tisa, yaani vile vyuma bapa vilivyolaliana. Kwa watu wawili na begi, toa majani manne, funga shokamzoba mpya za kumeza mitikisiko, mama atasinzia njia nzima.

Nikamuuliza tangu lini kitu kikapunguzwa kikawa bora. Akasema hatutafuti nguvu, mzee, tunatafuta ulaini. Nikacheka mpaka nikakohoa. Safari ndefu, njia mbaya, halafu upunguze chuma! Nimemwamuru aongeze matano kila upande.

Akasema atafunga, mradi nisimwambie mtu kwamba amefunga yeye.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Majani kumi na manne kila upande! Na shokamzoba nyekundu! Lori limeinua matako kama bata anayetafuta kitu topeni. Nimelizunguka mara tatu. Zuri.

Nikampandisha mama watoto kwa majaribio. Tuta la kwanza, kichwa chake kikagonga paa. Tuta la pili, meno yangu ya bandia yakarukia kwenye kioo. Nikayadaka bila kupunguza mwendo. Dereva gani mwingine wa umri wangu angeweza? Tuta la tatu hatukulifikia. Alishuka, akarudi nyumbani kwa miguu, mkono kiunoni.

Jioni akaja Kiyoyozi. Akauliza shemeji, hili ni lori au ni kinu? Akasema basi lake lina springi za upepo, abiria wanalala hadi wanapitishwa vituo vyao. Keshamwekea dada yake kiti cha mbele, Jumatano.

Nikamwambia upepo ni wa kuchezea mpira.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Nimewaza kutwa. Akili imekuja nikiwa bafuni, sabuni usoni. Springi za mzigo zinataka mzigo! Kumbe Nyundo aliona nusu tu ya jambo. Yeye anapunguza chuma. Mimi naongeza uzito. Nimeagiza tani sita za kokoto.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Kokoto zimepakiwa. Lori limekaa chini kwa adabu.

Nimempitisha mke wangu kwenye matuta yote hadi shuleni, na glasi ya maji mkononi. Halikumwagika hata tone! Kurudi, akasinzia. Kwenye lori langu! Nilizunguka mtaa mara mbili zaidi ili asiamke. Alipoamka akasema haya, baba watoto, nitakwenda na wewe. Akaingia ndani kupanga nguo.

Nilibaki kwenye usukani. Nikafuta kioo. Kilikuwa safi.

Baadaye nikaenda kumwambia Kiyoyozi kile kiti ampe mgonjwa. Akauliza kokoto za nini. Nikasema hayo ni mambo ya madereva.

Jumatano, tarehe 12 Juni

Tumeondoka. Lori linaelea. Mke wangu ameshona vifungo viwili, amekula karanga, ameniuliza majina ya milima. Niliyoijua nimemtajia. Nisiyoijua nimeipa majina.

Akasema hakujua kazi yangu ilikuwa na mandhari. Nikasema mimi mwenyewe nilikuwa naangalia barabara tu.

Alhamisi, tarehe 13 Juni

Saa nne asubuhi. Mvua imekula barabara bondeni. Magari foleni pande zote mbili. Katikati ya tope, limezama hadi ngazi ya mlango, basi la Kiyoyozi! Abiria wako kando na mabegi vichwani. Kiyoyozi amekunja suruali, miguu yake imejaa tope.

Nikashuka polepole, wanione vizuri.

Mwanamke mmoja akachungulia bodi ya lori, akapiga kelele kwamba mzee ana kokoto. Wakanizunguka. Baba, tuokoe. Mzee wetu, leo wewe ndiye serikali. Mke wangu akanivuta shati, akanong'ona nitoe nusu tu, tusisahau springi.

Nusu! Mbele ya Kiyoyozi! Nikafungua mlango wa nyuma, nikatangaza wachukue zote.

Wakaja na makoleo, ndoo, masufuria, hata beseni la mtoto. Kufika saa saba hakuna jiwe. Nilipigiwa makofi. Mtu akanibeba begani, akanishusha upesi. Kiyoyozi akanipa mkono wenye tope, akasema shemeji, leo umenimaliza. Siku ya harusi yangu haikufika hapo.

Basi likapita juu ya kokoto zangu bila kutikisika. Mimi nikafuata.

Lori likaruka. Likatua. Likaruka tena. Kilomita tatu mke wangu ameshika mgongo kwa mikono miwili. Kisha akasema nisimamishe. Mbele basi lilikuwa limesimama abiria wakipanga mizigo. Akashusha begi lake mwenyewe. Akasema hana ugomvi na watu kuokolewa. Ila safari yake nimeigawa kwa ndoo.

Kiyoyozi akampa kiti cha mbele. Hakunicheka. Hilo ndilo lililoniudhi.

Jumapili, tarehe 16 Juni

Nimefika. Kiti cha kando nilikifunga mkanda tangu Alhamisi ili kisipige kelele. Mjukuu ni wa kike, ana sauti ya honi. Mke wangu alifika Ijumaa, saa tatu nzima kabla mtoto hajazaliwa. Mimi nimechelewa siku mbili. Shokamzoba moja imebaki njiani, ile ya kushoto.

Mke wangu amenipakulia bila kunitazama. Halafu akauliza habari za mgongo wangu. Nikasema mzima kabisa. Naandika hapa nikiwa nimesimama.

Amesema kurudi atapanda basi, na ameshasema na kaka yake. Sikubishana. Hajui ninachokijua. Siku tatu peke yangu nimelichunguza jambo hili, na kosa nimelipata: majani kumi na manne yalikuwa machache mno. Kesho naenda kwa fundi springi wa hapa kuongeza sita kila upande. Nimempitia leo. Naye ameniambia nipunguze. Kijana mwingine huyo.

Anayeona nimetia chumvi akawaulize abiria wa lile basi, arobaini na wanane, na Kiyoyozi mwenyewe, ambaye hanipendi, kwa hiyo hawezi kunipendelea. Mke wangu msimuulize. Yeye alikuwa ndani ya basi, hakuona nilivyokuwa naendesha vizuri huko nyuma.